Hanchi ya Ghala la Korosho

Modeli ya SAP2000, programu ya kukokotoa nguvu za majengo, ililetwa kwangu niihakiki kabla chuma hakijakatwa. Ghala la korosho, Mtwara: mita 24 kutoka nguzo hadi nguzo, boriti za paa IPE 400 (chuma cha umbo la I chenye kina cha milimita 400), hanchi ya mita 2.4 kila upande. Hanchi ni ile kabari inayokatwa kutoka chuma cha aina ileile na kuchomelewa chini ya boriti inapokutana na nguzo. Hapo kina hufika kama milimita 780.

Nilipowasha mwonekano wa umbo halisi, nusu ya hanchi ilikuwa imechomoza juu, mahali pa kukaa papi. Programu hupanga boriti kwa mhimili wake wa kati usipoiambia vingine, hivyo kina kikiongezeka hutanuka juu na chini sawasawa. Nikaihamishia boriti nzima kwenye pointi namba 8, juu katikati. Kisha kuna kisanduku ambacho ni rahisi kukipita: kile kinachozuia ugumu usifuate mhimili uliohama. Kikiwa na tiki, picha inapendeza lakini hesabu haijaguswa. Na kuhama kwenyewe si kudogo, kwenye nguzo mhimili hushuka karibu milimita 190. Mkandamizo wa kN 60 ukipita hapo unazaa momenti, yaani nguvu ya kupinda, ya kNm 11 na ushee.

Kosa baya zaidi lilikuwa limejificha. Ugumu wa hanchi ulikuwa umewekwa uongezeke kwa mstari mnyoofu. Inersha, kipimo cha jinsi umbo la chuma linavyokataa kupinda, kwa IPE 400 ni cm⁴ 23,130. Kwenye nguzo hufika kama 102,000. Kwa mstari mnyoofu, katikati ya hanchi unapata 62,500, lakini ukipiga hesabu ya flenji (mabapa ya juu na chini) na webu (bapa la wima kati yake) kwa kina cha pale, ni kama 53,000 tu. Mchango wa flenji hufuata mraba wa kina, ndiyo maana chaguo la parabola, linalotoa 55,500, ndilo nililoliweka.

Flenji ya kati, ile ya chini ya boriti yenyewe inayobaki juu ya kabari, niliiacha nje ya modeli. Ipo karibu na mhimili, haiongezi inersha ya maana.

Palipobaki ni ncha ya hanchi. Pale momenti bado ni kubwa na chuma kimeshabaki IPE 400 tupu, kwa hiyo nikaweka nodi (pointi ya kuunganisha vipande vya modeli) hapohapo ili programu isiruke kupakagua. Flenji ya chini ndiyo inayokandamizwa, na papi haziigusi, ilhali modeli iliihesabu kama imeshikwa isipinde kando. Ili ishikwe kweli, nikaandika kwenye mchoro: chuma pembe 50×50×5, kutoka papi hadi flenji ya chini, kila fremu.