Rafiki ndo analipwa wa mwisho

Jamani hili la kukopeshana na washikaji watu wanalichukulia vibaya, kila ukisikia ni fulani tapeli, fulani hana aibu, ila ukikaa ukapiga hesabu unaona wengi wala sio matapeli, ni foleni tu.

Mchukue mtu wa kawaida hapa Dar. Ana kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali, hao usipolipa wanakuja kubeba friji na tivii, kwa hiyo wanalipwa. Ana kikoba, kule wadhamini anakutana nao uso kwa uso kila kikao, analipa. Ana Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, hiyo haiombi ruhusa, hela ikiingia tu kwenye M-Pesa inakatwa juu kwa juu. Yaani unaweza kumrushia mtu elfu 50 ya dawa za mtoto akakupigia muda huohuo sauti imepoa, nusu imeshamezwa, hapo hata hujui umemkopesha yeye au umemlipia deni lake la simu. Halafu mwisho kabisa ndo upo wewe rafiki, huna riba, huna karatasi, huna dhamana, na mdomo wako mwenyewe ulisema "utanipa ukipata". Sasa huyo anapata lini?

Hiyo "ukipata" ndo inaniudhi kuliko yote. Tunaisema kwa sababu kumtajia mshikaji tarehe tunaona kama tunamdharau, basi deni linabaki linaelea, wewe unasubiri mwisho wa mwezi huu, mwenzio kichwani kwake ni mwisho wa mwaka, na hakuna aliyedanganya.

Kinachofuata unageuka askari. Unapekua stetasi zake, umeona yupo sehemu na sahani ya kuku, unajisemea kumbe hela ya kuku ipo, wakati inawezekana kabisa kapewa ofa. Yeye naye anakuficha stetasi, simu yako anaiacha iite, kijiweni akikuona anakumbuka ana safari. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, ila siku hizi matanga anakaa aliyekopesha. Na hela yenyewe mara nyingi unakuta ni elfu 30.

Sasa ngoja uone kali. Mtu anadaiwa na wewe, kimya miezi, ghafla unajikuta umeungwa kwenye grupu la kamati ya harusi yake, kadi ya singo laki moja, dabo ya watu wawili laki na nusu, na mweka hazina anakukumbusha ahadi yako kila asubuhi kwa heshima zote! Wa kwangu alinifanyia hivyohivyo, nikamfuata inbox nikamwambia kaka, ile laki na nusu uliyonayo ndo mchango wangu, tumemalizana. Akajibu fasta mpaka nikashangaa, "poa sana kaka, Mungu akubariki".

Kadi akaniletea ya singo.