Oili ya giaboksi otomatiki: nilivyoamua ibadilishwe lini

Gari niliinunua kwa mtu ikiwa na kilomita 118,000, na nilipomuuliza oili ya giaboksi ilibadilishwa lini akaniambia yeye hajawahi kuigusa na aliyemuuzia hakumwambia chochote. Injini ilikuwa na stika zake za sevisi zimebandikwa pale pembeni mwa mlango wa dereva, moja juu ya nyingine, lakini giaboksi hamna hata mstari mmoja. Nikaichukua hivyohivyo maana ilikuwa inatembea vizuri.

Ilipofika kama 131,000 ndo nikaanza kusikia kitu. Asubuhi ikiwa imelala baridi, natoka rivasi naweka D, gari inakaa kidogo kama sekunde moja na nusu hivi ndo inashika, tena inashika kwa kushtua. Ikishapata moto inakuwa kawaida. Mtu mwingine akiiendesha asingejua, ila mi ndo nakaa nayo kila siku, ikibadilika kidogo tu naisikia. Hapo nikaanza kuulizia, na kuulizia kwenyewe ndo kukanichanganya zaidi.

Fundi wa kwanza akaniambia ndugu yangu usiguse, giaboksi iliyokaa na oili yake miaka yote ukiibadilishia unaiua, ameona gari zinakuja zinatembea zinaondoka kwa kuvutwa. Wa pili akasema hiyo oili ishachoka siku nyingi, lete tuiunganishe na mashine tuisukume yote itoke kwa mpigo mmoja. Nikafungua kitabu cha gari, kwenye ratiba ya sevisi ya kawaida oili ya giaboksi haina kilomita zake kabisa, yaani ni kama imewekwa humo iishi maisha yote. Sasa nimfuate nani hapo?

Nilikaa na hiyo ishu wiki mbili nasoma, na kitu cha kwanza kilichonikaa ni hili neno "maisha". Oili ikiambiwa ni ya maisha, ni maisha ya nani? Kampuni ya ZF ya Ujerumani inatengeneza giaboksi otomatiki zinazofungwa kwenye magari ya makampuni kibao, na kwa baadhi ya magari hayo mwenye gari anaambiwa oili haibadilishwi, lakini ZF wenyewe wanaotengeneza hilo dude wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au ndani ya miaka 8, kutegemea gari inatumikaje. Gari yangu haina giaboksi yao lakini hiyo ilinitosha kujua kwamba oili ni oili, inachoka.

Na inachoka kwa sababu kazi yake ni nyingi kuliko oili ya injini. ATF, yaani hiyo oili ya giaboksi otomatiki, ndo inayobeba nguvu ya injini ndani ya toki konveta (kile kidude cha mviringo kati ya injini na giaboksi) kuipeleka kwenye gia, ndo presha inayobana sahani za klachi, ndo inapoza, ndo inalainisha, na bado inatakiwa iache zile sahani zishikane kwa kiasi chake bila kuteleza na bila kugonga. Kinachoiua ni joto. Giaboksi nyingi zikitembea vizuri oili inakuwa kwenye nyuzi 80 hadi 95, ikipanda kuzidi hapo mara kwa mara umri wake unakatika haraka sana, na vumbi la klachi nalo linazidi kujikusanya humo.

Nikarudi kwenye kitabu, safari hii sikuishia kwenye jedwali la kwanza. Kurasa mbili mbele kuna jedwali jingine la matumizi magumu na pale oili ya giaboksi ipo! Kuvuta trela, kubeba mzigo, kusimama na kuondoka kwenye foleni muda mrefu, joto kali, safari fupifupi. Watu wengi tunajiona tunaendesha kawaida kumbe tumo humo humo kwenye matumizi magumu, mi mwenyewe foleni asubuhi na jioni, gari inatambaa gia ya kwanza na ya pili nusu saa nzima. Hilo lilinisogeza sana kuelekea kubadilisha.

Lakini sikutaka kubadilisha kwa kusoma tu, nilitaka kuiona oili yenyewe. Gari yangu haina dipstiki ya giaboksi (kile kijiti cha kupimia oili), ina nati ya levo, yaani ya kupimia kimo cha oili, chini ya sampu (karai la chini la giaboksi linalokaa oili), kwahiyo niliipandisha kwenye stendi nne ikae sawa, nikaiwasha, nikafungua ile nati nikakinga kidogo kwenye kifuniko cheupe. Halafu nikadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, na pembeni yake tone la ATF mpya. Ile mpya nyekundu kama juisi ya rozela inayopita mwanga. Ya kwangu kahawia ya chai ya rangi iliyokaa, na katikati ya tone pakabaki duara jeusi dogo wakati pembeni inasambaa. Nikanusa, ilikuwa na harufu ya oili ya zamani tu, haikuwa na ile harufu ya kuungua kama mkate uliosahaulika motoni. Nikasugua kati ya vidole viwili, hamna chenga.

Rangi peke yake isikudanganye maana kuna ATF zinageuka kahawia mapema na bado zinafanya kazi. Mi niliangalia vitu vitatu kwa pamoja, rangi, harufu na chenga, halafu nikaweka juu yake kilomita na historia ambayo haipo. Ingekuwa ya pinki yenye maziwa ningejua maji ya radieta yameingia, maana kwenye gari nyingi oili ya giaboksi inapozwa ndani ya radieta hiyohiyo na pakitoboka vinachanganyika, hiyo si ya kusubiri hata siku moja. Ingekuwa nyeusi inanuka kuungua na gari inapandisha mzunguko bila kwenda, hapo ningemsikiliza yule fundi wa kwanza.

Kwa sababu yule fundi hakuwa anasema uongo, gari alizoziona zimekufa ni kweli zilikufa. Ila nyingi zinaletwa zikiwa tayari zinateleza, sahani za klachi zimekwisha, mwenye gari anatafuta dawa ya mwisho anabadilishiwa oili, na klachi iliyoisha hairudishwi na oili mpya. Oili inabebeshwa lawama ya ugonjwa ulioingia miaka miwili nyuma. Kwa hiyo swali langu likabadilika, badala ya kuuliza kama kubadilisha ni salama nikawa nauliza giaboksi yangu iko hali gani leo. Na leo ilikuwa inachelewa kidogo ikiwa baridi, haitelezi, oili imechoka lakini haijaungua. Hapo ndo mahali pa kubadilisha, kabla haijafika kule.

Ile mashine ya kusukuma kwa presha nikaikataa. Kama uchafu umetulia humo miaka yote sioni sababu ya kuutimua uingie kwenye vijinjia vya valvu vilivyo vyembamba. Nikaamua kumwaga na kujaza, kidogo kidogo, mara tatu.

Hesabu yake ni hii. Giaboksi yangu inachukua kama lita 8 lakini ukifungua nati ya chini zinatoka lita 3.2 tu, zingine zimebaki kwenye toki konveta na mipira ya kupozea. Yaani umetoa asilimia 40. Baada ya mara ya kwanza oili ya zamani imebaki asilimia 60, mara ya pili 36, mara ya tatu kama 22. Ya nne inakupeleka 13, kwa hiyo kila mara unapata faida ndogo kuliko iliyopita, mi nikaona tatu zinatosha.

Kuhusu aina ya oili hapo sikucheza kabisa. Toyota peke yao wana T-IV na wana WS na hazichanganywi kiholela, Honda walikuwa na Z1 wakaja na DW-1, giaboksi za CVT (zile za mkanda zisizo na gia za hatua kwa hatua) zina oili yake tofauti kabisa, na nyingi ya hizi zikiwa kwenye chupa unaona wekundu tu zote. Nikanunua ile iliyoandikwa kwenye kitabu, herufi kwa herufi.

Siku ya kazi kitu cha kwanza nilifungua nati ya kujazia, kabla ya kugusa ya kumwagia. Tafadhali shika hili kuliko yote niliyoandika hapa. Ukimwaga kwanza halafu nati ya juu ikagoma au ikaharibika kichwa, umebaki na gari isiyo na oili na isiyojazika. Ya kwangu ilitaka bomba refu kwenye spana ndo ikakubali.

Nikamwaga kwenye beseni lenye alama za lita, nikashusha na sampu kwa sababu ya filta. Ndani kuna sumaku nne ndogo za duara, na zote zilikuwa zimevaa matope ya kijivu laini kama rangi nzito ya ukuta. Nikafuta moja kwa kidole nikatandaza kwenye kitambaa cheupe nikaangalia kwa tochi muda mrefu, natafuta kipande chochote, kijiti, kisahani, kitu cha kung'aa. Ilikuwa unga mtupu. Unga ni kawaida ya chuma kusuguana, vipande ndo habari mbaya. Moyo ulitulia pale kuliko siku zote tangu nianze hiyo safari. Nikasafisha sumaku nikazirudisha, filta mpya, gasketi mpya, bolti za sampu nikazikaza kwa spana ya kipimo maana ni ndogo na zinafungwa kwenye alumini, ukikaza kwa hasira unatoa nyuzi.

Kilichonitesa ni levo. Oili ikipata moto inavimba, kwa hiyo kwenye giaboksi zisizo na dipstiki levo inapimwa ikiwa kwenye joto fulani, ya kwangu ni nyuzi 35 hadi 45. Injini inaunguruma, unapitisha gia zote polepole unarudi P, unafungua nati ya levo, ya ziada inamwagika, ikifika kudondoka matone unafunga. Mara ya kwanza nilichelewa, nikawa nahangaika na beseni chini na kile kifaa kinachosoma joto kutoka kwenye kompyuta ya gari nilikiacha juu ya kiti. Nilipokuja kuangalia kinasoma 57. Oili ilikuwa imevimba ikamwagika kuliko inavyotakiwa, nami nikafunga nikidhani levo iko sawa.

Kesho yake asubuhi kuweka D inakaa sekunde tatu! Mbaya kuliko kabla sijaigusa. Na kwenye kilima kidogo ikawa kama inasita. Nilishikwa na hofu kweli, maneno ya yule fundi yote yakanirudia. Nikaizima nikaiacha ipoe mpaka jioni, nikarudia kupima kuanzia 30, kufungua nati halikutoka hata tone. Nikaongeza karibu nusu lita ndo ikaanza kutiririka uzi mwembamba, ikafika matone kwenye 40, nikafunga. Ikashika palepale. Kwa hiyo kama umebadilisha na gari ikawa mbaya ghafla, kabla hujasema giaboksi imekufa rudia levo, na kama unapima usiondoe macho kwenye joto.

Mara ya pili nilifanya baada ya kilomita 1,000 na ya tatu baada ya 1,000 nyingine, hizo hazikuwa na hadithi, sampu haifunguliwi tena ni kumwaga na kujaza kilekile kilichotoka. Kila mara nilijaza chupa ndogo ya kioo nikaiandika kilomita. Ukizipanga dirishani ya kwanza haipitishi mwanga, ya pili inapitisha kwa shida, ya tatu tayari unaona wekundu.

Mabadiliko? Ule ucheleweshaji wa asubuhi ulipungua taratibu, baada ya ya tatu ukabaki mdogo ambao lazima uusikilizie ndo uujue. Gia ya pili kwenda ya tatu imelainika kabisa. Haikuwa mpya na sikutegemea iwe mpya, ila tangu hapo haijashtua tena.

Kuanzia hapo nikajiwekea kipimo changu. Kila kilomita 30,000 nachungulia, tone kwenye karatasi pembeni ya oili mpya, nanusa, nasugua. Kila 50,000 namwaga na kujaza mara moja hata kama inaonekana safi, maana ikishabadilishwa mapema mara moja inatosha, sihitaji tena tatu. Mtu anayetembea barabara ndefu bila foleni anaweza akasogeza mpaka 80,000 na asikosee, mi kwa foleni yangu siwezi. Na kama ningevuta trela ningeshuka chini ya 50,000.

Ilipofika 163,000 nilichungulia, tone lilikuwa jekundu la kuiva tu, nikafunga nikaendelea. Ilipofika 183,000 nikamwaga, zikatoka 3.2 kamili, levo nikaifunga kwenye 41 kifaa kikiwa mkononi safari hii. Sasa pale pembeni mwa mlango chini ya zile stika za injini kuna ya giaboksi, nimeandika kwa peni ya wino usiofutika: 183,000, aina ya oili, lita zilizotoka, lita zilizoingia, joto la kufunga. Atakayeichukua hii gari baada yangu hataanza kwa kubahatisha kama nilivyoanza mimi.