Kilo Zinazoshuka Taratibu Baada ya Upasuaji wa Tumbo: Nilivyokula na Nilivyopima

Siku ya upasuaji wa kupunguza tumbo ili uzito ushuke nilikuwa na kilo 118 kwa urefu wa sentimita 162. Miezi sita baadaye nilikuwa na kilo 99. Kushuka kwangu mwezi kwa mwezi kulikuwa hivi: 7, 4, 3, 2.5, 1.5, 1. Wenzangu wengi waliofanyiwa upasuaji wa aina hiyohiyo walikuwa wameshapita kilo 25 wakati huo. Nusu ya kuchelewa kule kulitokana na mwili wenyewe, na nusu nyingine na kijiko changu. Kazi ilikuwa kujua ipi ni ipi.

Hesabu ya kwanza ni ya kilo za ziada. Chukua urefu kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, halafu zidisha kwa 25, upate kikomo cha juu cha uzito wa kawaida. Kwangu 1.62 × 1.62 × 25 inatoa kilo 65.6, kwa hiyo za ziada zilikuwa 52 na kidogo. Kilo 19 ni asilimia 36 ya hizo, au asilimia 16 ya uzito wote. Kwa slivu, upasuaji wa kukata na kuondoa sehemu ya tumbo, ambao ndio niliofanyiwa, wengi huishia kupunguza asilimia 25 hadi 30 ya uzito wote kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Hesabu hii inaondoa kelele nyingi, kwa sababu aliyeanza na kilo 180 akipoteza 30 na aliyeanza na 118 akipoteza 20, kwa asilimia wote wawili wako sawa. Umri mkubwa, kisukari cha miaka mingi na sindano za insulini navyo hupunguza kasi hata kwa anayekula kwa kufuata kila agizo.

Slivu huondoa takriban robo tatu ya tumbo, wakati mwingine zaidi, na kubakiza mrija wa mililita 100 hadi 150. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kiasi kikubwa cha grelini, homoni ya njaa. Baipasi, aina nyingine ya upasuaji huu, hubakiza kifuko cha kama mililita 30 kilichounganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Ninayoyaeleza kuhusu chakula yanafaa kwa zote mbili, ila mwenye baipasi ana kesi kubwa zaidi na sukari: chakula kitamu humwagika utumboni kwa kasi, na ndani ya dakika 10 hadi 30 anatoka jasho, moyo unadunda, anaharisha. Wengine hushambuliwa saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu inaposhuka ghafla.

Hatua za mwanzo zinajulikana, na timu yako itakupa ratiba yake. Yangu ilikuwa vimiminika vyepesi siku mbili, vimiminika vizito vyenye protini hadi mwisho wa wiki ya pili, vilivyosagwa wiki ya tatu na ya nne, vilaini wiki ya tano na ya sita, kisha chakula cha kawaida kwa kujaribu kimoja kimoja. Kosa la hatua hizi ni kuruka mbele kwa sababu unajisikia vizuri. Mshono wa ndani hauna habari na unavyojisikia.

Kati ya wiki ya pili na ya nne mizani hugoma. Usibadilishe chochote. Siku za mwanzo mwili hutumia wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli, kama gramu 500 hivi, na kila gramu moja hushikana na takriban gramu tatu za maji. Ndiyo maana kilo mbili za kwanza huondoka kama mchezo. Ukianza tena kula kidogo, sehemu ya akiba hiyo hurudi pamoja na maji yake, na maji hayo yanaficha mafuta yanayoendelea kupungua. Kwangu uzito ulisimama siku 11, na kiuno kikapungua sentimita 3 ndani ya siku hizohizo. Bila kamba ya kupimia nisingejua.

Sasa protini, maana hapa ndipo makosa mengi hutokea. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku; langu lilikuwa 70. Tumbo lenye nafasi ndogo hivi halibahatishiwi, hivyo nilinunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Hii ndiyo siku yangu ya kawaida ya mwezi wa nne:

Saa moja asubuhi, mayai mawili ya kuvuruga: gramu 12 za protini.
Saa nne, mtindi mzito uliochujwa, gramu 120: protini 12.
Saa saba mchana, kuku gramu 70 na mboga gramu 30: protini 21.
Saa kumi, maziwa yasiyo na mafuta, mililita 200: protini 7.
Saa moja usiku, samaki gramu 80 na vijiko viwili vya mboga: protini 18.

Jumla ni 70, na kalori kama 600 na kitu ukihesabu mafuta ya kupikia. Uzito wa kuku na samaki ni wa baada ya kupikwa. Nilikosea hapo wiki nzima: gramu 100 za kuku mbichi zikiiva hubaki 70 hadi 75, na mimi nilikuwa napima mbichi huku nikisoma takwimu za iliyoiva. Nilijiandikia protini nyingi kuliko niliyokula. Maharage na dengu ni chakula kizuri, lakini gramu 100 zilizochemshwa zina protini 8 au 9 tu na zinajaza haraka, kwa hiyo miezi ya mwanzo nilizila kama kiambata.

Utaratibu wa kula: protini kwanza, mboga baadaye, wanga mwisho kama nafasi ipo, na mara nyingi haikuwepo. Kijiko cha chai, nusu yake. Kutafuna mara 20 au zaidi mpaka kilicho mdomoni kiwe uji, kumeza, kuweka kijiko chini, kusubiri kama nusu dakika. Mlo mmoja dakika 20 hadi 30. Ukipita 30 huo si mlo tena, ni kudonoadonoa, maana tumbo limeshaanza kumwaga cha kwanza wakati wewe unaongeza cha pili. Dalili ya kushiba haiji kama zamani. Kwangu ni pua kutoka kamasi, kwa wengine ni kwikwi moja au pumzi ndefu ya ghafla. Ukisubiri mgandamizo chini ya kidari umechelewa vijiko viwili.

Chakula kinachokwama si lazima kiwe kigumu. Kifua cha kuku kikavu, mkate mweupe laini na wali ndivyo vilivyonitesa zaidi. Mkate hugeuka donge likilowa mate, wali huvimba, na kuku mkavu ni nyuzi zisizopitika. Dawa yake iko jikoni: paja badala ya kifua, au nyama ya kusaga, ipikwe kwa mfuniko na mchuzi kwa moto mdogo, isiachwe ikauke, na isipashwe moto mara ya pili bila kuongezwa maji. Kikishakwama, acha kula na acha kunywa. Watu hukimbilia maji ili kusukuma. Maji hayana pa kupita, yanarudi na povu la mate. Simama, tembea, subiri. Kisipopita kwa saa kadhaa, au hata maji na mate vikigoma kushuka, piga simu kwa waliokupasua.

Nilipofika mwezi wa sita, kilo moja tu ikiwa imeshuka mwezi mzima, niliandika kila kitu kilichopita mdomoni kwa siku 14, pamoja na vya kuonja. Milo ilikuwa safi. Shida ilikuwa katikati ya milo: karanga gramu 30 ni kalori 170, biskuti tatu kama 130, glasi ya maji ya matunda 110. Hizo ni kalori 400 hivi kwa siku, karibu theluthi mbili ya milo yangu yote mitano, na hakuna hata kimoja kilichonishibisha. Mimi naviita vyakula vya kuteleza. Tumbo lililopunguzwa linahisi ujazo na ugumu wa chakula, kalori halizijui. Kuku gramu 70 hukaa. Biskuti iliyolowa kwenye chai hupita kama maji, na dakika kumi baadaye nafasi ipo tena. Ukichukulia kalori 7,700 kwa kilo moja ya mafuta, 400 kwa siku ni kama kilo moja na nusu kwa mwezi ambayo haikuondoka.

Sikuacha karanga. Nilizihamishia ndani ya mlo, gramu 10 zilizopimwa, juu ya mtindi. Biskuti na maji ya matunda vilitoka kabisa. Mafuta ya kupikia yakawa kijiko cha chai badala ya cha mezani, maana cha mezani ni kalori 120 kabla chakula hakijaingia sufuriani. Miezi sita iliyofuata ilitoa 2.5, 2, 1.5, 1, 0.5, 0.5.

Kinywaji nacho kina kanuni yake. Lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kwa funda dogo, chupa iwe karibu wakati wote. Wakati wa mlo hakuna, na baada yake subiri dakika 30, kwa sababu kimiminika hulainisha chakula na kujaza nafasi iliyokusudiwa protini. Soda huleta gesi na maumivu. Pombe, hasa kwa mwenye baipasi, hupanda kichwani upesi na kwa kiasi kidogo kuliko zamani, tena ina kalori za kuteleza vilevile.

Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote, hata uzito ukishuka polepole. Ratiba yangu iliegemea jambo moja: kalsiamu na madini ya chuma hugombana, kwa hiyo huachanishwa kwa saa mbili au zaidi. Kalsiamu sitreti miligramu 500 saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja usiku. Nilichagua sitreti kwa kuwa ile ya kaboneti huhitaji asidi nyingi ya tumbo. Multivitamini yenye chuma saa nne asubuhi, bila chai wala kahawa karibu yake. Chuma cha ziada pamoja na vitamini C saa nne usiku, jumla ya chuma kwa siku ikiwa miligramu 45 hadi 60, kiasi kinachopendekezwa kwa mwanamke mwenye hedhi. Vitamini D yuniti 3,000. B12 mikrogramu 500 kwa siku; wengine huchomwa sindano ya 1,000 kila mwezi. Damu ilipimwa mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka: feritini (akiba ya chuma), B12, foleti, vitamini D, homoni ya paradundumio (inayosimamia kalsiamu).

Kutapika siku kadhaa mfululizo si jambo la kuvumilia nyumbani. Akiba ya vitamini B1 mwilini haizidi wiki chache, na ikiisha huathiri macho, mwendo na kumbukumbu. Mwambie anayekuwekea dripu kwamba una tumbo lililopasuliwa, ili B1 itangulie kabla ya glukosi. Nywele za wengi hukatika kati ya mwezi wa 3 na wa 6 kwa sababu ya mshtuko wa uzito kushuka. Zangu zilirudi, na hakuna mafuta ya kupaka yaliyoharakisha. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni nilikatazwa, kwani huleta vidonda, na kwa mwenye baipasi hatari ni kubwa zaidi.

Kabla ya kujilaumu kwa kasi ndogo, mpelekee daktari orodha ya dawa zako zote. Stiroidi, insulini, baadhi ya dawa za kifafa, za msongo wa mawazo na za akili huzuia uzito kushuka, na nyingine zina mbadala. Usiziache mwenyewe. Omba pia kipimo cha tezi dundumio. Changu kilikuwa sawa, na hilo lilinirudisha kwenye kijiko.

Mazoezi hayakuongeza kasi ya mizani sana. Kazi yake ilikuwa kulinda misuli, maana mwili unaokula kalori 600 hula na misuli yake. Wiki sita za mwanzo ni kutembea tu bila kuinua vizito. Baada ya hapo, mara tatu kwa wiki kuchuchumaa, kusukuma ukuta na kuvuta mpira, dakika 25.

Mizani ya mwili napanda kila asubuhi baada ya choo, kabla ya kunywa, lakini ninayoiandika ni wastani wa siku saba. Siku moja moja hupanda na kushuka kilo nzima kwa chumvi, hedhi au choo kigumu. Mwezi wa 18 nilikuwa na kilo 87: jumla 31 zimeondoka, asilimia 26 ya uzito wa mwanzo. Sasa mlo wangu ni gramu 180 hadi 200, kwa kuwa tumbo hulegea kadiri muda unavyopita. Wastani wa wiki ukizidi kilo 3 juu ya uzito wangu wa chini kabisa, mizani ya jikoni hutoka kabatini na daftari hufunguliwa kwa siku 14, nikianza na vilivyo katikati ya milo.