Nyayo za Udongo

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo letu wiki hii ni Danieli 2:31-35. Nebukadreza ameota sanamu kubwa: kichwa dhahabu, kifua na mikono fedha, tumbo shaba, miguu chuma, na nyayo chuma kilichochanganyika na udongo. Jiwe lisilochongwa kwa mkono wa mtu likaipiga kwenye nyayo, ikawa makapi, upepo ukayachukua. Danieli akamwambia mfalme kwamba kichwa cha dhahabu ni yeye. Sasa fungua sura ya 3: mfalme huyo huyo anasimamisha sanamu ya dhahabu, dhiraa 60 kwenda juu, kana kwamba ameukataa ule udongo. Asiyeisujudia atupwe motoni.

Sisi wa Mombasa sanamu yetu imelala. Wareno walipojenga Ngome ya Yesu, 1593 hadi 1596, walifuata umbo la mwili wa binadamu. Ukiitazama kutoka juu unaona kichwa, mikono na miguu. Na langoni kuna maandishi ya mwaka 1639, yamechongwa kumsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome akiwa na miaka 27. Yanajivuna kwamba aliadhibu miji ya Pate na Siyu mpaka kuta zake zikabomolewa, akawatoza wafalme wa pwani kodi, na kule Pemba akawaua wakuu wa watu kwa amri yake mwenyewe. Kwenye lango lenye jina la Mwokozi wetu! Huniuma kila nikipita pale. Mwaka 1698, baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, ngome ikawatoka Wareno mikononi. Waingereza wakaja kuifanya jela. Leo watoto wa shule huingia humo kutembea.

Jumatano nilimfokea kijana anayetuletea maji kwa mkokoteni, kwa sababu ya mtungi mmoja uliopungua kidogo. Nilijua hana la kunijibu, ndiyo maana nikaendelea, majirani wakisikia. Usiku nilipofika kwenye zile nyayo, Biblia ilinizuia hapo, sikuweza kusonga mbele.

Jiwe la ngome lina jina la kapteni. Majina ya wale wakuu wa Pemba halina. Na mimi, miaka miwili nikinywa maji ya kijana yule, sikuwa nimewahi kuuliza anaitwa nani. Alhamisi alfajiri nilimngoja nje ya geti. Nilimwomba radhi, nikamuuliza jina lake.