Seli Zilizokubali Kufa

Tulidhani ni jino. Magego ya mdogo wangu yalikuwa yakilegea, shavu la kushoto limefura, na pale Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kila aliyepita nyumbani alikuwa na dawa yake ya kusukutua. Mjomba alisema mtoto ameangaliwa na mtu mwenye kijicho. Kabla mwezi mwingine haujaandama, uvimbe ulikuwa umepanda hadi chini ya jicho.

Bibi ndiye aliyekata maneno. Aliujua ule uvimbe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walipita vijiji vya West Nile, eneo letu, wakichukua damu ya watoto, karibu 42,000 kwa jumla, na Mama mwenyewe alidungwa sindano akiwa mdogo. Walitaka kujua kama watoto ambao baadaye huota uvimbe wa taya huwa na dalili za kirusi fulani kwenye damu mapema. Wengi waliougua baadaye walikutwa na kingamwili nyingi, yaani protini za kinga, dhidi ya kirusi hicho tangu mwanzo. Bibi hakuyajua hayo yote. Alijua tu kwamba wazungu wa hospitali ya misheni ya Kuluva waliwatuma wagonjwa wa taya Kampala, hospitali ya Mulago. "Mpelekeni Mulago," alisema, "na msingoje mavuno."

Tulisafiri usiku, Mama, mimi na mtoto, tukavuka Nile pale Karuma gizani. Nilikuwa nimemaliza Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari, biolojia ikiwa somo nililolipenda kuliko yote, na ndiyo maana nilichaguliwa kuandamana nao: Mama hakujua Kiganda wala Kiingereza.

Tukabahatika. Katika taasisi ya saratani iliyo kwenye kilima cha Mulago tulimkuta daktari kijana aliyekulia Bombo, Kiswahili chake kimenyooka. Alikata kipande kidogo cha uvimbe, na majibu yalipotoka alikaa chini, akaeleza bila kuharakisha. Nadhani sijawahi kufundishwa vizuri kama siku ile.

Alianza na vidole. Aliushika mkono wa mdogo wangu, akavitanua, akamwambia Mama: "Mtoto huyu alipokuwa tumboni, mama, mkono wake ulikuwa bapa, vidole vimeungana kwa ngozi. Seli zilizokuwa katikati zilikufa zenyewe, kwa mpango, ndipo vidole vikaachana. Bata, nyingi za seli zile hazifi, ndiyo maana ana utando." Mama akamtazama yule mtoto kana kwamba ndiyo kwanza amezaliwa.

Kisha akaja kwenye ugonjwa. Mwilini kuna seli nyeupe za kinga ziitwazo seli B. Malaria ikiingia, au ugonjwa mwingine, seli hizo hukusanyika kwenye tezi na kugawanyika kwa kasi kubwa, huku kila moja ikibadilisha kidogo jeni za kingamwili yake. Zile ambazo kingamwili yake haimshiki adui vizuri hufa hapo hapo. Zinazoshika vizuri hubaki, nyingine zikawa viwanda vya kingamwili, nyingine zikatunza kumbukumbu ya adui kwa miaka. Mtoto wa kwetu, anayeumwa malaria tena na tena, tezi zake hazipumziki. Juu ya hayo kuna kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu kila mtoto hapa hukipata akiwa mdogo na ambacho huisaidia seli B kukwepa kifo. Katika purukushani hiyo kromosomu mbili, nyuzi zinazobeba jeni, zinaweza kukatika na kuunganishwa vibaya. Jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli ikue, inahamia karibu na jeni za kingamwili, mahali ambapo taa haizimwi. Seli moja ya namna hiyo inatosha. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Ugonjwa huo, saratani ya seli za kinga, unaitwa limfoma ya Burkitt, kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeueleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Mulago. Kirusi chenyewe kilionekana mwaka 1964 huko London, katika seli za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda.

Mama aliuliza swali moja tu: "Inakua hivyo, dawa itaifikia?"

"Itaifikia kwa sababu inakua hivyo," daktari akajibu. Dawa hizo huzipiga hasa seli zinapogawanyika.

Nilimwomba nione. Fundi wa maabara akanipisha kwenye hadubini. Seli za buluu iliyokolea zilijaa zikibanana, na kati yake palikuwa na nafasi nyeupe, na katika kila nafasi seli kubwa ikimeza mabaki. Hata ndani ya uvimbe, seli zilikuwa zikifa kwa wingi. Machozi yalinitoka pale pale. Niliona kwamba njia ya kufa haikuwa imefungwa kabisa, na dawa ilikuwa na mahali pa kushika.

Kazi ngumu ilikuwa maji. Seli nyingi zikifa kwa mpigo, takataka zake humwagika kwenye damu na zinaweza kuziba figo. Dripu ilitiririka usiku na mchana, na Mama alipima mkojo kwenye chupa na kuniita niandike, hata saa nane za usiku. Shavu lilianza kushuka ndani ya siku chache. Sikuamini macho yangu, ingawa nilikuwa nimeelezwa.

Baadaye nywele zilipukutika, na seli nyeupe zikashuka mno, maana uboho wa mifupa nao hugawanyika kila siku na dawa haibagui. Ikabidi tungoje. Uboho una seli mama ambazo huzalisha upya kila aina ya seli ya damu, na zilikuwa zimesalimika. Hesabu ilipopanda, daktari aliandika dozi inayofuata. Mdogo wangu alitaka muwa. Mama akaenda kumnunulia nje ya geti, na yeye akautafuna kwa upande wa kushoto.