Namna tulifikisha sufuria Bushushu, na juu ya nini sibebi tena magunia ya nguo

Kila mara mvua inaharibu fasi fulani huku Kivu ya Kusini, naona watu wa Bukavu wanaanza kukusanya nguo, na roho inaniuma, juu na mimi nilifanya vile 2023.

Tarehe 4 mwezi wa tano ilikuwa siku ya ine, Alhamisi, siku ya soko kule Nyamukubi, kijiji cha Kalehe kando ya ziwa Kivu, jirani na Bushushu. Mvua ikanyesha, mito ikashusha mawe na matope toka milimani, Bushushu na Nyamukubi zikazolewa. Waliokufa walipita 400, na wengine mpaka leo hawajaonekana. Tarehe 8 nchi nzima ilikuwa na maombolezo. Kwenye avenyu yetu huku Kadutu, ndani ya Bukavu, kulikuwa watu wenye ndugu Kalehe, basi hatukungoja mtu.

Yaya mmoja wa parokia akatuambia "pelekeni nguo, watu wamebaki uchi." Tukajaza magunia kumi na moja, tukalipa gari dola mia na kitu, kufika mbele barabara imekatika, daraja hakuna, vijana wakabeba magunia kichwani, kila gunia na bei yake, tukatoa mpaka pesa ya kurudia. Tulipofika tukayamwaga chini. Kosa kubwa lilikuwa hapo! Watu wakarukia, wenye nguvu wakapata, viatu vya kisigino kirefu vikabaki ndani ya matope, mzee mmoja akaondoka na kiatu cha mguu mmoja. Pembeni kulikuwa mama mmoja na mtoto mgongoni, hakuinuka hata. Nikamfuata na kikwembe. Akaniambia, "Aksanti mutoto yangu, nitavaa. Lakini maharagwe walitupatia jana, nitapikia ndani ya nini?"

Usiku ule sikulala. Maji yalibeba sufuria, bidoni, visu, vyote. Watu walikuwa na unga na maharagwe ya msaada, lakini nyumba tano zinangojea sufuria moja, watoto wanakula usiku sana. Na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amewauliza.

Mara ya pili tuliuliza kwanza. Nguo nzuri zilizobaki tukaziuza sokoni Kadutu, tukaongeza mchango, tukanunua vyombo vya nyumba 64: beseni, ndani sufuria mbili, sahani, mwiko, kisu, sabuni, dawa ya maji, na bidoni ya litre 20. Dawa ya maji msisahau, wengi walikuwa wanachota ziwani na kando ya ziwa letu kolera haiko mbali. Ilitoka kama dola kumi na kitu kwa beseni moja, ukinunulia kwa mama mmoja anashusha. Mizigo ikapita ziwani, boti haiombi daraja, na papa mwenye boti akachukua pesa ya mazutu ya injini tu, Mungu amubariki.

Ikabaki kugawa. Listi nilikuwa naiogopa, juu ilitoka na majina 64 ikaturudilia na mia na makumi, na karte za watu, vitambulisho, zilienda na maji, utahakikisha na nini? Mama yangu ni mshonaji, njo alipata akili. Alichukua vikwembe vya zamani, akakata vipande 64, kila kipande akakikata tena mara mbili kwa mkono, mapindo mapindo, hakuna kinachofanana na kingine. Nusu moja tukafunga kwenye beseni. Nusu zingine tukawapa mama wawili wa likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, ya palepale Bushushu, wale wanajua nani amelala kwa nani, nani ni mjane, nani amekuja jana toka mbali kutafuta msaada. Wakazunguka jioni, bashi kwa bashi, yale maturubai watu walilala chini yake, kimya kimya.

Asubuhi kila mtu akaja na kitambaa chake, tunaunganisha ua kwa ua, pindo kwa pindo, ikishikana unachukua beseni. Asiyejua kusoma hakuhitaji kusoma. Vijana wawili walikuja na vipande walivyokata wenyewe, rangi ileile kabisa, lakini pindo zikakataa mbele ya macho ya wote, wakaondoka bila mtu kuwafukuza. Kabla ya saa sita tulikuwa tumemaliza, hakuna aliyesukumwa.

Mwezi wa nane tulirudi na majembe na mbegu za maharagwe, juu mashamba ya bondeni yalikuwa yamefunikwa na mawe na watu walikuwa wameomba mashamba ya kukodi kwa ajili ya msimu wa mwezi wa tisa. Wengi huwa wameshaacha kuja wakati huo.

Vitambaa vitatu havikurudi siku ile. Viwili vilikuwa vya watu waliokuwa wameenda kwa ndugu zao Goma, beseni zao wale mama wa likelemba wakapatia wajane wawili. Cha tatu kilikuwa cha mzee ambaye binti yake alimpeleka Minova. Beseni yake tuliituma na boti wiki iliyofuata, na papa wa boti akaturudishia kile kitambaa, kimeshikana na nusu yake.