Tyubu ya Kioo

Mtoto wa dada yangu anasomea maabara. Juzi kanipigia: "Mama mdogo, kupima kuganda kwa damu kwa tyubu ya kioo kuna maana gani tena, na mashine zipo?" Nikamkumbuka yule kijana wa maparachichi.

Jioni ya masika, njia ya Kibosho, umeme umekatika. Kaumwa kidole na nyoka wa kijani akiwa juu ya mti. Uvimbe kidogo, anataniana na watu, anataka akalale kwao. Kope hazijalegea, kwa hiyo tabibu hakudhani ni mamba wa kijani, nyoka ambaye sumu yake hulegeza misuli. Lakini yule wa mitini mwenye macho makubwa, boomslang, hana haraka; damu inaweza kuanza kutoka hata kesho yake.

Nikavuta mililita 2 kwenye mshipa, nikazitia kwenye tyubu ya kioo mpya, kavu. Kioo ndicho kinachoamsha kuganda. Plastiki haifai, na tyubu iliyooshwa kwa sabuni huweza kuiacha damu ya mzima ikawa maji. Tyubu ya pili nikatia damu ya mama yake, ya kulinganishia. Dakika 20 kwenye stendi, bila kuguswa. Mlinzi wetu alitaka kuitikisa "aone kama imeanza", nilimtoa nje.

Muda ulipotimia niliinamisha ya mama mara moja tu, kwa tochi ya simu. Bonge limeng'ang'ania chini, halisogei. Ya mwanawe ikatiririka yote mpaka mdomoni, nyekundu, nyepesi, hata uzi wa bonge haumo. Sumu ile huchochea damu igande hovyo mwilini mpaka fibrinojeni, protini inayojenga bonge, inakwisha, ndipo mtu anapovuja.

Kipimo hakitaji nyoka. Na ingeganda pia asingeruhusiwa. Kinarudiwa baada ya saa kadhaa. Tabibu akaandika rufaa ya KCMC, hospitali kubwa ya Moshi: asichomwe sindano ya msuli, na dawa ya kuzuia sumu ya nyoka wengi kwa pamoja haimsaidii aliyeumwa na huyu. Yake ni ya peke yake, hutengenezwa Afrika Kusini.

Gari likisubiri, mama akaniuliza, "Dokta, kama mlihisi damu yake haigandi, mbona mmemtoboa tena?" Nikamwambia haikufika hata nusu kijiko cha chai. Akanionyesha mkono: pamba ya tatu ilikuwa imeshalowa. Nikaongeza nyingine, nikamwonyesha pa kukandamiza. Sijui kama nilimjibu au nilimnyamazisha tu.